Unga, Sitini na Tano, na Mikono ya Papa

Kwanza niseme wazi: mimi si mtu mpole. Mama husema nilizaliwa nimekunja uso, na mpaka leo sijaukunjua sawasawa. Sasa mchukue mtu wa tabia hiyo, mpe miaka sita ya kutafuta sifuri kwenye mawimbi, halafu Jumapili baada ya misa, mbele ya ukoo mzima, samaki wakiwa bado wa moto kwenye sahani, mwulize amepata nini.

Aliyeuliza ni tonton, mdogo wake papa.

"Bon, miaka sita kwa université. Unatafutaka nini kule?"

Nikamjibu ukweli mtupu. "Natafuta mahali ambapo wimbi ni zero, tonton. Pale ambapo halipandi wala halishuki."

"Zero?"

"Zero."

Akaweka chini kwanga yake, ule mkate wa mihogo, akawageukia wengine. "Bandugu, musikie. Miaka sita, macho imeharibika, bwana haiko, mutoto haiko, anatafuta zero! Si ungeniuliza miye? Zero iko mingi kwangu, ningekupa ya bure."

Yesu wangu, walivyocheka! Shangazi mmoja alipaliwa na pilipili mpaka akapigwa mgongo. Hata mama, msaliti, alificha uso kwenye kitenge. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni papa. Alikuwa anachambua miiba ya samaki wake polepole, kama hakuna lililosemwa. Nikajisemea moyoni, afadhali hawa wanaocheka. Huyu hata kucheka ameona ni kujichosha.

Baada ya chakula nilimfuata, nikasimama mbele yake, nikamwambia siku ya kutetea tasnifu yangu imepangwa, zimebaki wiki tatu. "Utakuja, papa?"

Alinitazama mdomo, kisha macho, kisha mdomo tena. "Hapana," akasema. "Miye sitakuja. Nitafanya nini kule? Nitakaa tu sawa kiti."

"Papa!"

"Nimesema." Akaenda zake kwenye vikapu.

Hapo nilikasirika hasa. Kwetu chuoni, kabla mtetezi hajafungua mdomo, wazazi wake huitwa wasimame mstari wa mbele ili ukumbi wote uwaone. Nimeona wazee waliokuja kwa mtumbwi kutoka Isangi, koti la kuazima, viatu vya kuazima, wakisimama pale kama magavana. Na wangu, anayekaa mwendo wa toleka moja tu, baiskeli ya abiria ambayo ukipanda hujamaliza hata kusali umefika, hataki. Samaki wake ndio walionisomesha tangu nilipojua kushika kalamu. Nilitaka kiti kile cha mbele kikaliwe, na nilitaka akikalie yeye, si mwingine.

Papa ni mvuvi wa maporomoko. Maji ya pale hayanong'oni, yanaunguruma mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka. Miti mirefu imesimamishwa kati ya miamba na kufungwa kwa kamba za msituni, na kwenye miti hiyo huning'inizwa vikapu vyenye midomo mipana, mtu mzima anaweza kuingia akakaa. Ukiwa juu ya ile miti, hata umwite mwenzako kwa jina la babu yake, hakusikii. Kwa hiyo watu wa pale huzungumza kwa mikono. Kiganja kikishuka taratibu maana yake tulia, usihame, maji yatapita. Ngumi mbili juu, kikapu kimejaa. Kidole kikipinda mbele ya pua, huyo hana akili, mwache. Niliijua lugha hiyo kabla ya Kifaransa, na ile alama ya tatu nimeitumia sana kanisani.

Mama kwa upande wake ni mtu wa Kivu Kaskazini. Alikuja Kisangani na magunia ya maharagwe, akaolewa na samaki, ndivyo anavyosema mwenyewe. Ndiye wa kwanza kuielewa kazi yangu, na aliielewa kwa maharagwe. Nilimwambia siku moja pale dukani kwake, chukua maharagwe matano, yagawe mafungu mawili, kila fungu lipangike kuwa mraba. Akapanga manne, mawili juu na mawili chini, likabaki moja.

"Na hii moja iko carré?"

"Iko, mama. Ndiyo mraba mdogo kuliko yote."

Akaridhika. Nikampa saba. Akapanga manne, yakabaki matatu yaliyokataa kupangika. Akaweka moja pembeni, yakabaki sita, nayo yakakataa. Alipanga akapangua, wateja wakimngoja na mifuko yao wazi. Mwisho akasonya. "Saba iko kichwa ngumu. Sawa na tonton yako."

"Na tatu vilevile, mama. Na kumi na moja. Wako wengi kama tonton."

"Masikini bibi zao," akasema.

Basi siri yote iko hapo. Fikiria uso wa mraba unaotetemeka kwa sauti moja. Sauti hiyo moja haiji na wimbi moja, inakuja na mawimbi kadhaa, na idadi yake haiamuliwi na mimi wala na profesa wangu. Inaamuliwa na nambari: je, inagawanyika kuwa miraba miwili, na mara ngapi? Saba haipati wimbi hata moja. Lakini sitini na tano, mpenzi wangu, inagawanyika mara mbili: sitini na nne na moja, halafu arobaini na tisa na kumi na sita. Ukiigeuzageuza, juu na chini, kushoto na kulia, unapata nukta kumi na sita zilizokaa kwenye duara, na kila nukta ina wimbi lake. Kisha unaiachia bahati iamue lipi liwe kubwa na lipi liwe dogo. Unayachanganya yote na kutafuta pale yalipouana, pakawa kimya. Hapo mahali ni mistari inayopinda na kujizungusha, na kila bahati ikibadilika inachora sura nyingine. Kazi yangu ilikuwa kujua urefu wa mistari hiyo unayumba kiasi gani, na jibu limejificha katika zile nukta, zilivyokaa kwenye duara lao. Nambari ndiyo inayopika, bahati inakuja kupakua tu.

Wiki moja baada ya somo la maharagwe, mama alinipigia simu nikiwa nafundisha. "Hamsini!" akapaza sauti. "Makumi ine na tisa na moja, tena makumi mbili na tano na makumi mbili na tano! Mara mbili! Na iko ndogo kuliko sitini na tano yako. Unatudanganya juu ya nini?" Nikamwambia hamsini inarudia mraba uleule, huo ni ujanja ujanja. Akasema mimi ni mtu wa kushindwa vibaya. Wanafunzi wangu walikuwa wanasikia kila neno.

Basi nikawaza: kama mama ameelewa kwa maharagwe, papa ataelewa kwa macho, na akielewa atakuja. Nikachukua sinia la mama, nikalikalisha juu ya spika niliyoazima kwa wanakwaya, nikanyunyiza unga wa mihogo. Vikatokea viduara, vizuri kabisa, ila havikuwa na habari yoyote na kazi yangu. Miaka sita nahesabu miraba, halafu mtaalamu mzima nachukua sinia la duara! Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akanikatia kipande cha bati nene, pande nne sawasawa. Najua, bati la fundi si ule mraba wa kwenye karatasi zangu, na profesa angeniona angenikaripia. Lakini kuonyesha ni kuonyesha.

Jumamosi, saa nne asubuhi, nilipanga vitu uwanjani. Papa alikuwa kwenye kigoda chake hatua tatu kutoka kwangu, amenipa mgongo, anasuka kikapu. Nikafungua mlio kwenye simu, chini kabisa. Unga ukarukaruka bila adabu. Nikapandisha. Nikapandisha tena. Ukafika mlio mwembamba, mkali, wa kutoboa meno. Mama aliangusha mfuniko wa sufuria akaziba masikio. Mbuzi wa jirani alikata kamba. Jirani mwenyewe, mzee wa kanisa, alitokea kwenye ua na povu la sabuni kichwani, akiuliza kama ni mwisho wa dunia au ni mimi tena.

Na pale kwenye bati, unga ulikimbia, ukagawanyika, ukajipanga. Mistari! Imepinda, imekutana, imeachana, kila mmoja umekaa pale bati lilipotulia. Niliruka kwa furaha. "Papa! Papa, tazama!"

Papa alikuwa anasuka. Ufito unaingia, unatoka, anavuta, anakaza. Nyuma yake tu mtaa mzima umeshika vichwa, na yeye anajiimbia kwa pua.

Tulicheka. Jirani mwenye povu akasema, "Papa yako iko na moyo ya jiwe." Nilicheka pamoja nao, halafu kicheko kikaniishia kinywani. Nikazima mlio. Nikaita kwa sauti ya kawaida. Nikaita kwa nguvu. Ufito ukaingia, ukatoka. Niligeuka nikamwona mama ameshika mfuniko kifuani, ananitazama, na nikajua ameelewa dakika ileile niliyoelewa mimi.

Tangu lini? Hakuna aliyejua. Kwa watu wengine, mzee akianza kupoteza masikio wanagundua: wanamwita, haitiki. Kwetu hakuna anayeita. Tunapunga mkono, tunagusa bega, tunasimama mbele ya uso. Maporomoko yalimchukua masikio kidogokidogo, na sisi kwa mikono yetu tukayafichia wizi. Wanasema nyani haoni kundule. Mimi, daktari mtarajiwa wa mawimbi, sikuwa nimeona kwamba mawimbi hayamfikii baba yangu mwenyewe. Nilijichukia siku ile, sifichi.

Nikazunguka, nikachuchumaa mbele yake. "Papa, tangu lini?"

Hakujifanya haelewi. "Zamani," akasema. "Sauti ya bamama na ya batoto njo ilitangulia kwenda. Ya banaume imebaki kidogo."

"Na kwa nini hukusema?"

"Kusema kwa nani? Kule kwa maji nani anasikiaka?" Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Njo maana sitaki kuja kwako. Batu bakicheka, sitajua banacheka nini. Bakipiga makofi, miye nitapiga mbele ao nyuma. Batasema, papa ya docteur iko zoba, haina akili. Sitaki kukuchafulia siku yako."

Kumbe! Siku sita nzima nilikuwa nimemnunia kwa dharau ambayo haikuwapo. Nililia pale chini na kamasi zangu zote, mbele ya jirani na povu lake.

Nilipomaliza nikamshika mkono, nikamleta kwenye bati. Nikafungua mlio tena. Mbuzi alikuwa ameshakwenda zake, hasara gani? Nikaweka kidole cha papa ukingoni. Unga ukashtuka, mistari ikavunjika, ikajipanga mingine kabisa, kwa sababu pale unapogusa, bati linalazimika kunyamaza. Akaondoa kidole, ile ya kwanza ikarudi. Akakiweka tena. Akacheka, na ni muda mrefu sikuwa nimemsikia papa akicheka hivyo.

Kisha akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Aliupangusa unga wote, akafumba macho, akapitisha ncha ya kidole juu ya bati tupu, akiligusa juujuu tu. "Hapa inanitekenya," akasema. "Hapa inanitekenya. Hapa iko kimya." Nikanyunyiza unga kidogo pale, ukakaa. "Kimya. Kimya. Tena hapa." Aliufuata ule ukimya kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine bila kukosea hata mara moja, na mimi nyuma yake namwaga unga. Alipofumbua macho, mstari mzima ulikuwa umelala mbele yake.

"Hii ninaijua," akasema. "Kati ya maji ya kushoto na maji ya kuume iko njia, haipande, haishuke. Njo pale tunasimamishaka muti. Miaka sita yote hiyo, si ungeniuliza?"

Alikuwa mtu wa pili kuniambia hivyo, na kwake sikuwa na hasira hata chembe.

Tukapatana. Siku ya utetezi mdomo wangu utasema na jopo, mikono yangu itasema naye. Kwa wiki mbili tulitunga alama tulizokosa, maana kule kwa maji hakuna aliyewahi kuhitaji kusema "nambari". Sitini na tano ikawa vidole sita, kisha vitano. Sifuri ikawa kiganja kilicholala kimya juu ya kingine. Na kuhusu makofi nikamwambia asimtazame mtu mwingine yeyote. "Unitazame miye. Ukiona ngumi mbili juu, piga."

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa. Mama alikuwa na maharagwe kwenye mkoba, eti lolote laweza kutokea. Rais wa jopo, mtu mkavu mwenye miwani, akawaita wazazi, na papa akasimama mstari wa mbele katika koti la tonton, mikono mifupi, viganja vyote nje. Nilimtazama mpaka nikasahau sentensi yangu ya kwanza.

Nikaanza. Hata dakika tano hazijapita, rais akagonga meza kwa kalamu. "Mademoiselle, tafadhali utulize mikono. Hapa si sokoni."

Ukumbi ukacheka. Papa akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona meno ya watu na asijue ya nini. Kisha akanigeukia. Ndicho kile alichokiogopa, na kimempata hata maji ya kunywa sijameza.

Kila mtu alikuwa amenionya nisibishane na jopo. Lakini nimeshasema, mimi si mpole. "Mheshimiwa rais," nikasema, "mdomo ni wenu. Mikono ni ya papa yangu, hasikii. Siwezi kuituliza." Na nikayasema hayohayo kwa mikono, ili ajue wamecheka nini. Rais alivua miwani, akamtazama yule mzee wa koti fupi, akaivaa tena. "Endelea," akasema. "Kwa mikono yote miwili."

Nikaendelea. Nikafika kwa sitini na tano, vidole sita, vidole vitano, na picha ya mistari yake ikatokea ukutani, mikubwa, imepindana kutoka kona hadi kona. Papa aliitambua. Niliona uso wake ukifunguka. Akainuka kitini, akapiga makofi, makofi mazito ya mtu wa kamba na miti, peke yake katika ukumbi mzima.

Mama akamvuta koti. Papa akatazama huku na huku, akaona hakuna mkono mwingine unaosogea. Akaketi, akaficha mikono katikati ya magoti. Nilimpungia, vizuri papa, umefanya vizuri, lakini alikuwa anatazama sakafu. Sehemu yote iliyobaki niliisema kwa mikono kwa mtu ambaye hakuinua macho. Maswali ya jopo niliyajibu, nadhani vizuri, siyakumbuki. Nakumbuka lile koti tu.

Jopo likatoka, likarudi, rais akasoma karatasi yake ndefu, na mwishoni mwa karatasi nilikuwa daktari. Mama alipiga kigelegele mpaka maharagwe yakamwagika. Ukumbi wote ukasimama, makofi, nyimbo, tonton akigonga benchi na kutangaza kwamba zero ile ni ya ukoo wetu. Papa naye alisimama kwa kuwa wengine wamesimama. Mikono ameibana mapajani. Alikuwa ananitazama, anangoja, hataki kukosea mara ya pili.

Nikataka kuinua ngumi, ila mikono yangu haikuwa yangu tena. Huyu ananivuta, yule ananikumbatia, na kwa desturi yetu ya kumpongeza aliyefaulu, wanafunzi wangu wakanimwagia unga kichwani, kopo zima, ukanijaa machoni. Nilipiga chafya, nikasukuma watu, nikajifuta kwa kitenge cha mama. Nilipopata kuona tena, makofi yalikuwa yameshakwisha. Watu walikuwa wanahamisha viti, wanaulizana chakula kiko wapi.

Papa alikuwa bado amesimama pale mstari wa mbele, mikono mapajani, macho kwangu.

Nikainua ngumi mbili.

Akapiga makofi, peke yake, mpaka watu wakaacha viti wakageuka, na safari hii hakumtazama mtu mwingine.